Mgeni wa Nyota na Jembe la Baba

Majirani waliponiuliza nitaolewa lini, niliwajibu kwamba Jumamosi nina kazi na Jumapili nina kanisa, wachague siku nyingine. Hawakulipenda jibu hilo, kwa sababu kila mtu katika mtaa wetu wa Shinyanga mjini aliijua kazi yangu ya Jumamosi. Nikishaifunika cherehani yangu pale kwenye baraza ya duka la vitambaa, nilikwenda sinema. Tena si sinema yoyote. Za mapenzi niliwaachia wenye wachumba, na za ngumi niliwaachia vijana waliotoka ukumbini wakirushiana mateke barabarani. Mimi nilitaka za vitu visivyokuwapo: watu wanaosafiri kwenye nyota, majitu yanayoibuka baharini, mazulia yanayopaa, vyombo vinavyoshuka mawinguni vikinguruma kama kinu cha pamba. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, najilisha mwenyewe, na sikuona aibu hata kidogo.

Ugonjwa huo niliutoa nyumbani, kijijini, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini. Bibi mzaa baba alikuwa na mazimwi yake, mengine yenye mdomo kisogoni, mengine yanayomeza ng'ombe na mchungaji na fimbo yake, na aliyasimulia huku akibangua karanga kana kwamba anazungumzia majirani. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia sinema, taa zikazimwa, jitu likajaa ukuta mzima na wenzangu wakapiga mayowe, mimi nilifurahi tu kuliona. Nilijisemea, kumbe na Wazungu wana bibi zao.

Kiingereza cha sinema kilinipita juu kwa juu. Maneno niliyoyakosa niliyatia mwenyewe, na Jumatatu nikiwa napiga pindo nilimsimulia kila mteja aliyekaa kusubiri gauni. Wengine walikuja hata bila kitambaa. Mara nyingine sinema yangu ilikuwa ndefu kuliko ile ya ukutani, na mama mmoja aliwahi kwenda kuitazama mwenyewe, akarudi kunilalamikia kwamba sehemu nzuri zote wamezikata.

Aliyekuwa hana subira na mambo haya ni baba. Redio ilipotangaza kwamba watu wametua mwezini, kijiji kizima kilibishana wiki nzima, na baba aliuliza swali moja tu: walikwenda kumsalimia nani? Alipoambiwa huko hakuna mtu, alisema hiyo si safari, huko ni kupotea. Sinema zangu aliziita upuuzi wa gizani. Aliniuliza kila nilipokwenda nyumbani kama bado nalipa senti zangu ili nitishwe.

Baba alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwetu Usukumani pamba ikishauzwa na maghala yakishajaa, ngoma hushindanishwa. Makundi mawili huingia kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hili upande huu na lile upande ule, kila moja na ngoma zake na nyimbo zake. Watazamaji wako huru. Wanakwenda wanakovutwa, wanarudi, wanahama tena, na jua linapokaribia kuzama, kundi lenye watu wengi mbele yake ndilo lililoshinda. Hakuna cha kubishana, macho ya kila mtu yameona. Kwa hiyo kila manju hutafuta cha kuwavuta watu: sauti, matusi ya kistaarabu dhidi ya mwenzake, dawa kwa wanaoziamini, na kioja. Mpinzani wa baba alikuwa na kioja kikubwa kuliko vyote. Alicheza na chatu mzima mzima shingoni.

Baba alikuwa na sauti yake na majembe. Kundi lake lilicheza ngoma ya majembe, wanayarusha juu, wanayazungusha, wanayadaka bila kupoteza mdundo, na aliamini hayo yanatosha. Misimu miwili mfululizo chatu alimwachia uwanja mtupu.

Msimu wa tatu ulipokaribia, nilikwenda nyumbani nikamkuta amekaa uani anakaza ngozi ya ngoma, hasemi na mtu. Mama alinivuta jikoni akanieleza. Wachezaji walikuwa wamekutana bila baba na kukubaliana: akishindwa tena mwaka huu, wanahamia kwa mwenye chatu. Wengine walikuwa watoto wa wenzake aliowafundisha kushika jembe tangu hawajaota meno ya ukubwani. Manju asiye na wachezaji ni mzee tu anayeimba peke yake shambani.

"Akiwapoteza hao," mama alisema, "sijui ataamka asubuhi afanye nini."

Nilitoka jikoni moja kwa moja hadi uani.

"Baba, nitakushonea mtu wa nyota."

"Utanishonea nini?"

"Mtu wa nyota. Kioja chako."

"Nyota gani?"

"Yoyote. Nani atakwenda kuhakiki?"

Baba aliendelea kuikaza ngozi ya ngoma, akaniambia niende nikamsaidie mama yangu. Nikaenda, nikamsaidia, nikarudi, nikamwambia tena. Jioni nikamwambia tena. Mimi nikishika neno silitui, na hilo nimelirithi kwake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Nilirudi mjini bila ruhusa yake na kuanza kazi.

Duka lile la vitambaa liliuza na majani ya chai pia, na masanduku yake yalifika yamefunikwa ndani kwa karatasi inayong'aa kama bati jipya. Mwenye duka alikuwa akiitupa. Nilimwomba aniwekee, nikaikusanya, nikaibandika kwa uji wa unga kwenye kitambaa cha marekani na kuishonea juu kwa mishono ya karibu karibu ili isipasuke. Cherehani ilinuna, sindano zikavunjika, nami nikanunua nyingine. Nilishona suruali, koti refu, glavu, na kitambaa cha kuteremka kutoka kichwani hadi mabegani. Kichwa kilikuwa kibuyu kikubwa kilichokatwa chini, na juu ya kibuyu nikafunga kofia ngumu ya kaka yangu. Kaka alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu kule Geita mpaka ulipofungwa, akarudi nyumbani na kifua kibovu, hadithi nyingi na kofia hiyo yenye taa ya mbele. Taa ilikwisha kufa zamani, lakini kioo chake kilikuwa kizima, kinashika jua na kulirudisha machoni mwa mtu.

"Chini kule nilikuwa natembea nayo gizani," kaka aliniambia nilipomwomba, "sasa unataka kuitembeza juani. Haya, chukua."

Nilipovivaa vyote mbele ya kioo cha dukani, moyo ulinienda mbio kwa furaha. Miaka yote nilikuwa nimeketi chini nikiwatazama hao watu wa ukutani. Sasa mmoja wao alikuwa amesimama Shinyanga, na mikono iliyomshona ilikuwa yangu.

Nilimpeleka nyumbani juu ya basi, ndani ya gunia. Baba alimzunguka mara kadhaa pale uani, akamshika bega, akagonga kibuyu kwa kidole. Niliona kwamba amependa, ingawa alijitahidi kununa. Kisha akauliza:

"Akifika uwanjani, ataamkiaje?"

"Haamkii, baba. Hawasemi hao. Wanashuka, wanasimama, wanatazama watu. Ndio utamu wenyewe."

"Mgeni gani anayefika kwa watu asiamkie?"

"Ndivyo walivyo kwenye sinema."

"Kwenye sinema," baba alisema, kama mtu anayetema punje ya mchanga. Lakini hakuwa na kioja kingine, na siku ilikuwa imekaribia, akakubali.

Mashindano yalikuwa ya siku mbili, alasiri hadi machweo, na ushindi ulihesabiwa siku ya mwisho. Siku ya kwanza tulimvika binamu yangu mmoja mrefu kuliko wote, nikamfundisha kila kitu: tembea polepole, usitoe neno hata ukiitwa jina lako, geuza kichwa kidogo kidogo ili kioo kishike jua. Alipojitokeza nyuma ya wapiga ngoma, uwanja ulifanya "Eeeh!" kwa pamoja. Watu walikimbia kuja kwetu. Chatu aliachwa na watoto wawili na mbwa. Nilirukaruka kama mwendawazimu, nikamshika mama, nikamwambia umeona, umeona.

Mbele ya umati alikuwa ameketi mama mmoja mzee sana, kwenye kigoda, na fimbo yake magotini. Wote walimheshimu mama yule, na sijawahi kumwona akipitwa na mtu bila salamu. Mgeni wetu alisimama mbele yake. Bibi yule akamngoja aamkie, akaona kimya. Basi akajishusha, akaanza yeye, jambo ambalo mtu wa umri wake hafanyi.

"Mwadila," alimwambia, salamu yetu ya mchana.

Binamu yangu akageuza kichwa kidogo kidogo, kama nilivyomfundisha.

"Mwadila!" bibi alisema kwa nguvu zaidi, akidhani labda mgeni ni kiziwi.

Kioo kikashika jua na kummulika usoni. Neno hakuna. Bibi akasimama, akachukua kigoda chake, akaanza kurudi nyuma bila kumpa mgongo. Nikasikia mtu akisema, "Haitiki." Mwingine akasema, "Anamwangalia mama mzee na haitiki!" Neno hilo likapita kama moto kwenye nyasi kavu. Kwetu mtu akija kwako asiamkie, na akiamkiwa asiitike, amekuja na jambo, na jambo lenyewe si la heri. Kina mama wakanyakua watoto. Halafu umati wote ukageuka na kukimbia, na pa kukimbilia palikuwa mahali pamoja tu, upande wa pili wa uwanja, mbele ya chatu.

Mpinzani hakuchelewa. Akaukata wimbo wake katikati, akatunga mwingine pale pale, kwamba chatu wake ni mnyama lakini ana adabu kuliko mgeni wa jirani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jua lilipozama, mbele yetu palikuwa pamebaki mama, kaka yangu mwenye kifua kibovu, na mimi.

Binamu alivua kibuyu akakiweka chini kama kinachouma, akasema kesho havai hata kwa ng'ombe. Wachezaji walifunga majembe yao bila kumtazama baba. Wawili walikuwa wameshaonekana wakipiga soga na watu wa chatu. Baba alikaa kwenye ngoma yake, mikono imelegea, na sikuwahi kumwona amezeeka namna ile. Nililia, lakini machozi yenyewe yalikuwa ya hasira. Niliwakasirikia watu kwa kukimbia, nikamkasirikia binamu, nikaikasirikia sinema kwa kutoniambia. Nilipomaliza nikafuta uso kwa kitenge.

"Kesho naingia mimi," nilisema.

Mama akasema mwanamke hawezi kubeba kibuyu kile alasiri nzima. Nikasema nimebeba ndoo za maji tangu nina miaka sita. Baba aliinua kichwa.

"Ukiingia, utaamkia."

"Nitaamkia."

"Kwa magoti."

"Kwa magoti, baba."

Siku ya pili habari zilikuwa zimeenea na watu walikuja wengi zaidi, wote upande wa chatu. Wachezaji wetu walikuja, lakini walisimama kama watu waliokuja kumzika mtu wasiyemjua. Baba akaanza kupiga. Nikavaa. Ndani ya kibuyu kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya majani ya chai, na nilichoweza kuona ni kile kilichopita kwenye tundu la ukubwa wa kifungo. Sikusimama kwenye upande wetu. Nilivuka uwanja. Umati uliponiona nakuja ulipasuka katikati, na niliendelea tu, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kigoda. Bibi hakukimbia. Nadhani alikuwa amekasirika kuliko alivyoogopa.

Nikapiga magoti vumbini mbele yake, nikainamisha kile kibuyu kizito.

"Mwadila, mayu," nikasema. Mayu ni mama.

Uwanja wote ukanyamaza, hata ngoma za mpinzani. Bibi alinipima kwa macho, akachukua muda wake, akaninyima jibu mpaka nikahisi jasho likiteremka hadi kwenye vidole.

"Mwadila," akaitika mwishowe. Kisha akauliza lile swali ambalo kila kijana wa kwetu huulizwa akishaamkia: "Ng'wa nani?" Yaani, wewe ni wa kwa nani?

Hilo sikuwa nimeliandaa. Jina la baba nisingeweza kulitaja bila kujifichua. Nikanyoosha mkono wangu unaong'aa juu mbinguni. Bibi akatazama juu, akanitazama mimi, akatazama juu tena.

"Mbali," alisema. "Na huko pamba imekubali?"

"Mvua imetunyima, mayu."

"Pole, ng'wanone," yaani mwanangu, akasema kwa sauti ya huruma kabisa, sauti anayosemeshwa mtoto wa nyumbani. Na hapo uwanja ukapasuka kwa kicheko. Watu walicheka, wakasogea, kila mmoja akitaka kuamkiwa. Niliwaamkia wazee, nikawaitikia watoto, nikaulizwa habari za ng'ombe wa nyotani, nikasema wamekonda. Huku nikiitika nilianza kurudi nyuma kidogo kidogo, nao wakanifuata, nikawavusha uwanja mzima hadi mbele ya baba. Bibi alifuata nyuma, kigoda chake kimebebwa na mjukuu.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Lakini baba alikuwa manju, na manju akipewa watu hawaachii. Alinyanyua mkono, ngoma zikanyamaza.

"Huyu mgeni alifika jana," aliutangazia uwanja. "Leo ni siku ya pili. Mwasemaje wazee? Mgeni siku mbili..."

"Ya tatu mpe jembe!" uwanja ukajibu kwa sauti moja.

"Mimi kesho sina subira nayo," baba alisema, akalichukua jembe lake mwenyewe, lile ambalo hata kaka hakuruhusiwa kulishika, akalirusha juu. Nililiona likipita kwenye kile kitundu changu, linang'aa, linapotea. Sikulifuata kwa macho, maana macho sikuwa nayo. Nililifuata kwa mdundo, kama alivyotufundisha sote uani tukiwa wadogo, na mpini ukaja ukatua kwenye glavu yangu.

Sijui nilicheza muda gani. Wachezaji waliosimama kama wafiwa waliruka mmoja mmoja, majembe yakaanza kupaa, na karatasi ya chai ikapukutika kutoka mikononi mwangu vipande vipande, watoto wakaiokota na kujibandika mapajani. Baba aliimba nyimbo ambazo hakuwa amezitunga bado asubuhi. Jua lilipozama, upande wa pili wa uwanja haukuwa na mtu. Hata mpinzani alikuwa amekuja kutazama, chatu shingoni.

Hakuna mchezaji aliyehama. Wale wawili waliopiga soga na watu wa chatu ndio waliobeba ngoma ya baba hadi nyumbani. Nilipovua kibuyu nilikuwa nimelowa kama niliyetoka mtoni, nikamtazama baba nikingoja neno. Alilifuta jembe lake kwa kiganja.

"Kichwa kinayumba," alisema. "Mwakani ukikaze."

Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Mwakani. Jioni iliyotangulia neno hilo lilikuwa halimo kinywani mwake.

Miezi kadhaa baadaye, Jumamosi moja, baba alitokea barazani kwangu bila taarifa, amevaa koti lake la kanisani. Alikaa kwenye benchi ya wateja akanitazama nikimalizia vifungo. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia mambo ya mvua, nikifunike hicho kicherehani, twende huko gizani.

Sinema ya siku hiyo ilikuwa ya kiumbe aliyeshuka katika mji wa watu. Alisimama katikati ya barabara, mkubwa, kimya, akigeuza kichwa kidogo kidogo. Watu wa mji ule wakaanza kupiga kelele na kukimbia, magari yakagongana, askari wakaja na bunduki. Ukumbi wote ulikuwa umeshika pumzi. Baba akasimama. Nilimvuta koti, akanipiga kofi mkononi.

"Amkia!" alimpigia kelele yule wa ukutani, kwa Kisukuma, kwa sauti ile ya uwanjani. "Amkia kwanza, watakuua!"

Ukumbi uliangua kicheko, nami nilicheka nao mpaka nikatokwa machozi. Baba hakucheka. Alibaki amesimama mpaka bunduki zilipolia na kiumbe akaanguka, ndipo akakaa taratibu, akavua kofia yake.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika barazani, alisimama mbele ya cherehani yangu iliyofunikwa, akaigusa kama alivyokuwa akigusa ngoma.

"Hawakuwa na haja ya kumuua," alisema. "Alikosa tu mwenyeji wa kumfundisha kuamkia."